Neiguan: Nukta ya Mkononi Dhidi ya Kichefuchefu
Katika tiba ya jadi ya China, nukta iitwayo Neiguan, iliyopo upande wa ndani wa mkono, upana wa vidole vitatu juu ya mkunjo wa kifundo, katikati ya kano mbili zinazojitokeza mtu akunjapo ngumi, imechomwa sindano tangu zamani ili kutuliza tumbo. Mwaka 1986 John Dundee, profesa wa nusukaputi, yaani taaluma ya kumlaza mgonjwa kwa dawa, katika Chuo Kikuu cha Queen's mjini Belfast, alichapisha matokeo ya majaribio kwa wanawake waliofanyiwa upasuaji mdogo wa via vya uzazi, yaliyoonyesha kwamba sindano hiyo ilipunguza kutapika. Baadaye, katika jaribio lenye busara ya pekee, yeye na mwenzake walitia dawa ya ganzi mahali hapo, na athari ikatoweka, jambo lililodokeza kwamba neva ndizo zilizobeba ujumbe.

Kwa kuwa sindano huhitaji mtaalamu, watafiti waligeukia pia kubonyeza tu, kwa kidole au kwa bangili ya kitambaa chenye kuvutika iliyotiwa kifungo kigumu cha plastiki, ile ile iliyovaliwa na wasafiri wa baharini. Uchambuzi wa mwaka 2015 wa Cochrane, shirika linalokusanya na kupima tafiti za tiba, uliojumuisha majaribio 59 na washiriki 7,667, ulikuta kwamba kuchochea nukta hiyo, kwa sindano au bila sindano, kulipunguza kichefuchefu kuliko tiba bandia, ingawa ushahidi huo ulikuwa wa ubora mdogo.