Kilwa ya Jikoni

Maji yakipwa, ufuko wa Kilwa Kisiwani huonyesha vigae vyake. Vipo vya kijani kilichofifia vilivyotoka Uchina, vipo vya buluu vilivyotoka Uajemi na nchi za Ghuba, na vipo vya kahawia, vya udongo mtupu, ambavyo ndivyo vingi kuliko vyote na havikusafiri kutoka mbali. Ukufi mmoja wa vigae vya namna hii umehifadhiwa British Museum, London. Mwaka 2010 mkurugenzi wake wa wakati huo, Neil MacGregor, alivitangaza kuwa kitu cha 60 katika mfululizo wa vipindi vya redio vya BBC vilivyosimulia historia ya dunia kwa vitu 100. Dunia ikaisikia Kilwa kupitia sahani na vyungu vilivyovunjika. Naona hapo ndipo pa kuanzia, na ndipo makumbusho yoyote ya mwambao huu yangepaswa kuanzia.

Kilwa tuliyofundishwa shuleni ni ya masultani. Ni ya al-Hasan bin Sulaiman na kasri lake la Husuni Kubwa, lenye birika la pembe nane juu ya mwamba unaotazama bahari. Ni ya Msikiti Mkuu na kuba zake, na ya dhahabu iliyopandishwa kutoka Sofala. Yote hayo ni kweli, na ni fahari yetu. Lakini msafiri Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331 na kumsifu sultani huyo kwa ukarimu, aliandika pia kwamba nyumba za mji zilikuwa za mbao, zimeezekwa kwa nyasi. Matumbawe na chokaa vimedumu, miti na udongo vimeoza, nasi tukazoea kudhani kwamba kilichodumu ndicho kilichokuwapo peke yake.

Wanaakiolojia nao walichelewa kulitazama hilo. Neville Chittick, aliyechimba Kilwa kwa miaka mingi na kuchapisha kazi yake kubwa mwaka 1974, alitumia nguvu nyingi kwenye kuta na kwenye orodha ya watawala. Hata hivyo mikono yake iliokota mengine: vipande vya vyungu vilivyochongwa vikawa duara na kutobolewa katikati ili vitie uzito kwenye kijiti cha kusokotea uzi, na vigae vyenye mifereji ambamo magamba ya kombe yalisuguliwa hadi yakawa shanga. Chungu kilichopasuka hakikutupwa. Kilipewa kazi ya pili, nacho kikaivisha familia.

Fikiria maana yake. Mji ulioletewa vitambaa na majahazi ulikuwa pia ukisokota uzi wake wenyewe, majumbani. Mreno aliposhuka hapa Julai 1505 pamoja na jeshi la Francisco de Almeida, mmoja wa waliokuwamo katika merikebu zile aliacha maelezo ya kile walichokikuta kabla mji haujaporwa: bustani za vitunguu na mrehani, michungwa na midimu, minazi, mizinga ya nyuki mitini, na pamba tele. Hiyo ndiyo Kilwa ya watu waliokuwa na shughuli zao asubuhi hiyo.

Ng'ambo, kisiwani Songo Mnara, kazi ya uchimbaji iliyoanza mwaka 2009 chini ya wanaakiolojia Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher ilizigeukia sakafu zenyewe na viwanja vilivyo kati ya nyumba. Udongo ulichekechwa. Zikapatikana alama za nyumba za miti na udongo zilizosimama jirani na zile za mawe. Zikapatikana mbegu, vigae, na sarafu ndogo za shaba, nyingine makaburini, pamoja na vijiwe vyeupe ambavyo jamaa za marehemu waliviweka pale. Sarafu za Kilwa zina umaarufu wake ugenini: moja iliokotwa Great Zimbabwe, na tano ziliokotwa mwaka 1944 kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Mimi hunigusa zaidi ile iliyoachwa kaburini, umbali wa kutembea kutoka nyumba ya aliyeiacha. Tena sarafu hizi zilipigwa maandishi yenye vina, jina la sultani upande mmoja na sifa ya kumtegemea Mungu upande wa pili. Aliyekwenda sokoni alishika shairi mkononi.

Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, ina vitu vya Kilwa katika ukumbi wake wa historia, na anayeishi mjini akavione. Lakini mtoto wa Kisiwani ana haki ya kuvikuta kwao, vikiwa vimepangwa jinsi bibi yake angevipanga: chungu karibu na mafiga, mbuzi ya kukunia nazi kando yake. Wanakijiji wa hapa wamezilinda kuta hizi. Magofu yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004 na kutolewa mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuzuia bahari isiile pwani. Wanaovijua vyombo wapo, na vibao vya maelezo viandikwe kwa maneno yao.

Na pamba ingeweza kuwa uzi wa kuunganisha maonyesho yote. Ndani ya wilaya hii hii ya Kilwa, huko Nandete kwenye vilima vya Umatumbi, Julai 1905 watu waling'oa miche ya pamba waliyolazimishwa kuilima na utawala wa Wajerumani. Vita vya Maji Maji vilianzia hapo. Zao lililokuwa likisokotwa nyumbani kwa hiari lilikuwa limegeuzwa kiboko. Kigae kilichotobolewa na jembe la Nandete vikiwekwa katika kabati moja, mgeni hatahitaji maelezo marefu.

Miaka minne tu baada ya vita hivyo kuanza, kusini zaidi kwenye mwambao huu huu, Lindi ikaonja kazi nyingine ya Mjerumani. Kuanzia 1909 hadi 1913 mamia ya watu walichimba mifupa ya mijusi wakubwa wa kale huko Tendaguru, na wapagazi wakaibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa mijusi hao amesimama Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na jina lake limehifadhiwa. Ya waliobeba mizigo ile kichwani, mengi hayakuhifadhiwa. Mazungumzo ya kurudisha mifupa yaendelee. Wakati yakiendelea, Lindi inaweza kufungua chumba chake sasa: ramani ya njia ya wapagazi, kata ya kichwani, chakula walichokula njiani, na sauti za wajukuu wao zikirekodiwa kabla wenye kumbukumbu hawajazeeka zaidi.