Risasi

Kwa fundi redio, risasi ni waya laini wa kulehemu. Ule wenye bati asilimia 63 na madini ya risasi asilimia 37 huyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Neno “risasi” lina asili ya Kiarabu. Karne ya 19, Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, alipowapiga Waarabu wa Tabora akaifunga njia ya misafara, risasi ilikuwa ya bunduki.

Anayeanza ufundi namsihi achague vipuri vya miguu: mguu hupenya tundu la bodi, risasi ikaushika upande wa pili, na redio mbovu humpa vingi vya kujifunzia. Anawe mikono, maana risasi ni sumu. Vipuri vya kubandika, mfano rezista ya milimita 2 kwa 1.25, vinataka kibano na mkono uliotulia. Hivyo vije baadaye.