Matungu, Wanakolala Wafalme wa Wanga

Ukitoka mjini Mumias kuelekea Matungu, mashamba ya miwa hukusindikiza mpaka Kituo cha Utamaduni cha Nabongo. Hapa wamezikwa wafalme wa Wanga. Kwa ukoo wa kifalme wa Abashitsetse, makaburi haya si makumbusho tu, bali ni mahali pa kuwakumbuka waliotangulia na kuomba baraka zao.

Ufalme wenyewe ulianza na bangili. Wazee husimulia kwamba Wanga, mwana wa mtawala, aligombana na nduguye huko Tiriki, akaondoka. Alipofika Imanga alipokewa na mtawala mwenyeji, Muima, akamfanyia kazi kama mtu asiye na kwao. Mkononi alificha bangili ya shaba, alama ya ufalme. Siku ilipoonekana, Muima alitambua kuwa anatumikiwa na mfalme, akampisha. Mtawala wa Wanga huitwa Nabongo.

Mwaka 1882 Nabongo Shiundu alifariki, akarithiwa na mwanawe Mumia. Makao yake, Elureko, yalikuwa kituo cha misafara ya Waswahili kutoka pwani. Mvumbuzi Joseph Thomson alipita hapo mwaka 1883; Askofu James Hannington alipita 1885, akielekea Busoga, alikouawa Oktoba mwaka huo. Waingereza walimfanya Mumia chifu mkuu mwaka 1909, wakahamishia makao ya utawala Kakamega mwaka 1920, kisha wakamstaafisha 1926. Alifariki 1949.

Cheo walichompa, walikichukua wenyewe. Heshima ya makaburi ya Matungu hawakuweza kuihamishia Kakamega.

Heshima hiyo, hata hivyo, huhitaji mikono. Huko Japani, hekalu la Kishinto la Ise hujengwa upya kila baada ya miaka 20, na vijana hujifunza useremala papo hapo. Jirani zaidi, Kasubi mjini Kampala, nyumba ya nyasi wanamolala makabaka wanne wa Buganda iliungua Machi 2010. Imesimama tena, kwani ukoo wa Ngeye, wenye dhamana ya kuiezeka, ulikuwa bado na ujuzi wake.

Ujuzi wa Matungu umo vinywani mwa wazee. Mzazi wa Mumias, mpeleke mwanao huko shule zikifungwa, umwombe mzee wa Abashitsetse awasimulie habari ya ile bangili.