Toni ya Kikinga na Wapimaji Wake

Mwaka 1905, mwaka ule ule ambao Vita vya Majimaji vilifika Ubena na kituo cha misheni cha Yakobi karibu na Njombe kikashambuliwa, Berlin ilichapisha sarufi ya Kikinga iliyoandikwa na mmisionari R. Wolff, pamoja na matini na orodha ya maneno. Wamisionari wa Berlin walikuwa wamepanda Milima ya Livingstone katika muongo uliotangulia na kufungua vituo, Bulongwa na Tandala vikiwa miongoni mwavyo, katika nchi ya Ukinga, ambayo leo ni Wilaya ya Makete. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kusikiliza. Kazi ya pili, ngumu zaidi, ilikuwa kuyageuza waliyoyasikia yawe herufi, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia. Kikinga ni lugha ya toni: silabi inaweza kupanda au kushuka, na kupanda huko ni sehemu ya sarufi, wala si pambo la msemaji. Abjadi ya Kilatini ina herufi za irabu na konsonanti, lakini haina herufi ya toni. Ninashikilia kwamba historia ya sayansi ya sauti katika Ukinga inapaswa kusomwa kama historia ya jambo hilo moja: sauti iliyoachwa nje ya ukurasa, na watu waliopewa, au walionyimwa, nafasi ya kuirudisha.

Maabara ya kwanza iliyoigusa nchi hii haikujengwa Afrika. Mwanaisimu Mjerumani Carl Meinhof, katika kitabu chake cha 1899 kuhusu mfumo wa sauti za lugha za Kibantu, alichagua lugha chache za kujengea hoja zake, na mbili kati ya hizo zilitoka jirani kabisa na Ukinga: Kinyakyusa, ambacho Wajerumani walikiita Konde, na Kisangu. Taasisi ya Kikoloni ya Hamburg ilianzishwa mwaka 1908, Meinhof akawa mwalimu wake wa lugha za Afrika mwaka uliofuata, na mwaka 1910 ikafunguliwa hapo maabara ya fonetiki chini ya Giulio Panconcelli-Calzia. Ilikuwa maabara ya utafiti na ya kufundishia kwa pamoja. Chombo chake kikuu kiliitwa kimografu: msemaji alisemea ndani ya mdomo wa bomba, mtetemo wa pumzi yake ukasukuma sindano, na sindano ikachora mawimbi kwenye karatasi iliyopakwa masizi na kuzungushwa juu ya pipa. Mtafiti akihesabu mawimbi kwa kila sekunde, anapata kasi ya mtetemo wa nyuzi za sauti, yaani kidatu chenyewe. Hivyo toni iliweza kuonekana kwa macho. Lakini aliyesemea bombani na aliyehesabu mawimbi walikuwa watu wawili tofauti, na tofauti hiyo haikuwa ya bahati mbaya. Mfano ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo: aliyefundisha Kiswahili Berlin kuanzia 1900, aliacha kazi mwaka 1905 kwa sababu hakupewa heshima aliyostahili mwalimu. Baadaye alifanya kazi na Meinhof huko Hamburg. Mtu wa elimu yake alihesabiwa kwanza kuwa chanzo cha sauti, na ilichelewa sana kukubalika kwamba alikuwa pia na sikio linaloweza kuamua.

Kikinga kilisubiri. Mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha Marburg, Thilo Schadeberg aliwasilisha tasnifu kuhusu muundo wa sauti za Kikinga, na mwaka 1973 makala yake kuhusu toni ya lugha hiyo ikatoka katika jarida la masomo ya isimu ya Afrika lililochapishwa Los Angeles, kwenye chuo kile kile ambako mwanafonetiki Peter Ladefoged alikuwa amejenga maabara yake ya fonetiki mwaka 1962. Schadeberg aliueleza mfumo wa Kikinga kuwa ni wa toni yenye mipaka. Maana yake ni kwamba toni ya juu haiketi popote inapopenda. Idadi ya mipangilio inayowezekana katika neno ni ndogo kuliko idadi ya silabi inavyoweza kuruhusu, na sarufi ina sauti kubwa katika kuamua nafasi yake. Ugunduzi huo ni wa thamani kubwa, kwa sababu unaonyesha utaratibu mahali ambapo mgeni angesikia wimbo tu. Hapa mtu anaweza kupinga: kama sikio lililozoea linatosha kuupata mfumo, mashine za Hamburg zilikuwa na faida gani? Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, nami nalikubali nusu. Mashine haijui ni mtetemo upi wenye maana. Itachora mafua ya msemaji na hasira yake kwa bidii ile ile inayochorea sarufi yake. Ni msemaji wa lugha anayesema kwamba hili ni neno moja na lile ni jingine. Hata hivyo sikio nalo huzoea na kudanganyika, hasa sikio la mtu aliyelelewa katika lugha isiyo na toni, na mchoro humpa mwenye shaka mahali pa kurudi na kupima upya.

Pingamizi zito zaidi ni la wanaosema kwamba maandishi ya Kikinga hayahitaji toni hata kidogo, kwani msomaji huielewa kwa muktadha. Wanaweza kutoa ushahidi kutoka Kiswahili chenyewe. Neno barabara huandikwa kwa namna moja tu, ilhali mkazo ukiwa kwenye silabi ya tatu tunazungumzia njia ya magari, na ukiwa kwenye ya pili tunasema jambo limekaa sawasawa; hakuna Mswahili anayekwama. Mfano ni mzuri, lakini unathibitisha kinyume cha kile wanachotaka. Msomaji hakwami kwa sababu neno lilimfikia masikioni kabla ya kumfikia machoni. Tena Kiswahili kina maneno machache sana ya aina hiyo, kwa sababu kiliacha toni zamani na kubaki na mkazo ambao karibu kila mara huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Wakinga ni wafanyabiashara. Wamejaa Makambako, Mbeya na Kariakoo, na watoto wao wengi wanakulia katika Kiswahili. Mtoto wa namna hiyo akifungua matini ya Kikinga hana sauti iliyotangulia ya kujazia. Anaweka mkazo wa Kiswahili juu ya kila neno, na ukurasa hauna cha kumsahihisha.

Ndiyo maana swali la nani ameshika chombo lina uzito. David Massamba, mzungumzaji wa Kiruuri, aliandika tasnifu yake ya 1982 kuhusu toni ya lugha yake mwenyewe. Clement Maganga wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika pamoja na Schadeberg huyo huyo sarufi ya Kinyamwezi iliyotoka mwaka 1992, na majina yote mawili yakasimama juu ya jalada. Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza katika chuo hicho mwaka 2001, ukatoa atlasi ya lugha mwaka 2009. Wapo watakaosema kwamba elimu iliyoanza kwa ajili ya maofisa wa kikoloni haifai kurithiwa. Nadhani wanakosea, kwa sababu maneno yaliyomo katika vitabu vile yalitoka vinywani mwa Wakinga, na kuviacha rafuni Ujerumani ni kuwanyang'anya mara ya pili. Gharama nayo si kisingizio tena. Programu ya Praat, iliyotengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, hutolewa bure na huchora kidatu kwa usahihi ambao kimografu haikuufikia. Simu ya kawaida inatosha kurekodi. Tandala ina chuo cha ualimu, na walimu ndio wanaoingia madarasani. Orodha ya maneno ya 1905 bado ipo. Inaweza kusomwa mbele ya mzee aliyekulia katika Kikinga, neno baada ya neno, yeye akitamka na kusahihisha, mwanachuo akirekodi, na alama ya toni ikiwekwa juu ya kila silabi ambayo mzee ataipandisha.