Kutoka Mtaa wa Lumumba hadi Dodoma

Mwaka 1994 Mahakama Kuu, Dodoma, ilitoa hukumu mbili ambazo wanafunzi wa sheria bado wanazisoma. Mwezi Juni, Jaji James Mwalusanya aliwatia hatiani washitakiwa wawili kwa kosa la mauaji, kisha akakataa kuwapa adhabu ya kunyongwa. Alisema adhabu hiyo ni ya kikatili na inapingana na Katiba. Akawapa kifungo cha maisha. Mwezi Oktoba, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila, Jaji Kahwa Lugakingira akaamua kwamba Mtanzania ana haki ya kugombea uongozi bila kupitia chama chochote, na kwamba raia hahitaji kuomba kibali ndipo akusanyike kwa amani. Vyama vingi vilikuwa na miaka miwili tu. Dodoma yenyewe ilikuwa mji wa reli, mizabibu na vumbi, makao makuu zaidi kwa azimio la 1973 kuliko kwa majengo.

Ukizifuata kesi hizo mbili zilikokwenda, njia nzima unakutana na watu waliopitia darasa moja.

Darasa hilo lilifunguliwa Oktoba 25, 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam. Wanafunzi hawakufika 15. Chuo hicho, ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilikuwa chini ya mwavuli wa Chuo Kikuu cha London, na kitivo kilikuwa kimoja tu, Kitivo cha Sheria. Nchi iliyokuwa inakwenda kujitawala iliamua kuanza na wanasheria, na mimi naona iliamua vyema. Miaka ile ya mwanzo kilisomesha Afrika Mashariki nzima: Willy Mutunga alihitimu hapo, na mwaka 2011 akawa Jaji Mkuu wa Kenya. Julie Manning, naye wa darasa hilo, aliteuliwa 1973 kuwa mwanamke wa kwanza nchini kukalia kiti cha ujaji, kisha akawa Waziri wa Sheria.

Lakini anayenigusa zaidi ni Augustino Ramadhani, mzaliwa wa Zanzibar aliyehitimu mwaka 1970. Aliingia jeshini na kufikia cheo cha brigedia, akawa Jaji Mkuu wa Zanzibar, kisha jaji wa Mahakama ya Rufani. Januari 1995, hukumu ya Mwalusanya ilipofika mbele ya jopo la majaji watatu, Ramadhani alikuwa mmoja wao. Walikubaliana na Dodoma kwamba kunyonga ni ukatili na ni udhalilishaji. Hata hivyo, wakasema, Katiba hiyo hiyo inaruhusu haki za mtu kuwekewa mipaka kwa masilahi ya umma, na adhabu ya kifo ikabaki.

Kesi ya Mtikila ilikuwa na safari ndefu zaidi. Desemba 1994 Bunge lilibadili Katiba na kumfungia mlango mgombea binafsi. Mchungaji hakukata tamaa; alirudi Mahakama Kuu akashinda tena mwaka 2006, Serikali ikakata rufaa. Juni 2010 rufaa hiyo iliamuliwa na majaji saba, wakiongozwa na Ramadhani, sasa Jaji Mkuu wa Tanzania. Miongoni mwa walioitwa kama marafiki wa mahakama, yaani washauri wasio na upande, walikuwamo wahadhiri wawili wa sheria wa Mlimani, makao ya chuo kile, Profesa Palamagamba Kabudi na Profesa Jwan Mwaikusa. Mahakama ikasema suala hilo ni la Bunge, si la majaji. Haikupita mwezi, Mwaikusa akapigwa risasi nyumbani kwake Dar es Salaam, akafa. Alikuwa pia wakili wa utetezi kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda kule Arusha. Ni msiba ambao taaluma ya sheria haijaacha kuuhisi.

Juni 14, 2013, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ilimpa Mtikila haki. Ramadhani alikuwa jaji wa mahakama hiyo, lakini kesi hii hakuikalia. Mwaka uliofuata akawa Rais wake. Alikuwa amekwisha kuwekwa wakfu katika Kanisa Anglikana, na mwaka 2015 alifika Dodoma kuchukua fomu ya CCM ya kuomba urais. Mwanajeshi, jaji, padri, mwomba urais: yote hayo ni maisha ya mtu mmoja.

Mwaka 2014 darasa lile lilikutana Dodoma karibu lote. Ndani ya Bunge Maalum la Katiba, mwenyekiti alikuwa Samuel Sitta, mhitimu wa sheria wa Dar es Salaam. Jaji Joseph Warioba, mhitimu wa 1966 na Waziri Mkuu wa zamani, alisimama Machi 18 kuwasilisha rasimu ya Katiba yenye muundo wa serikali tatu iliyoandaliwa na tume yake, ambayo Kabudi alikuwa mjumbe wake. Waziri wa Katiba na Sheria alikuwa Asha-Rose Migiro, aliyefundisha Mlimani kabla ya kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Kamati ya Uandishi iliongozwa na Andrew Chenge, Mwanasheria Mkuu wa zamani. Kwenye viti vya upinzani alikaa Tundu Lissu, mtoto wa Ikungi, Singida, hadi yeye na wenzake wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walipotoka ukumbini Aprili 16. Walimu walikuwa walewale na vitabu vilevile, lakini kuhusu Muungano hawakusema kitu kimoja. Oktoba 2 Katiba Inayopendekezwa ilipitishwa, ila bila muundo wa Warioba. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haikupigwa.

Leo sheria inafundishwa nyanda za kati zenyewe. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza 2007, na Aprili 2025 Mahakama ya Tanzania ilizinduliwa makao makuu yake mapya mjini hapa. Katika Ripoti za Sheria za Tanzania za 1995, hukumu ya Lugakingira inaanzia ukurasa wa 31 na ya rufaa ya kunyonga ukurasa wa 97. Mwanafunzi wa UDOM anayezifungua anasoma kesi zilizoanzia kilomita chache kutoka bwenini kwake.