Jembe Lililorudishwa

Je, msomaji, umepata kumwona mtu akirudisha kitu alichokiiba miaka mingi iliyopita, hali hakushikwa, hakushtakiwa, wala mwenye mali hakumshuku? Mimi sijapata, lakini nyanya yangu aliona. Alikuwa bado mtoto huko Murang'a, wilaya iliyoitwa Fort Hall katika siku za wakoloni, nao ulikuwa mwaka wa 1949. Asubuhi moja, kabla umande haujakauka, mtu mmoja wa ng'ambo ya mto aliingia uani kwa baba yake, jembe begani na kuku mkononi. Akaamkia, akasimama. Kisha akasema, "Mzee, jembe hili ni lako. Nililitwaa shambani kwako wakati wa njaa ya muhogo, nami nimelilimia miaka sita. Nisamehe. Na kuku huyu ni kwa ajili ya miaka hiyo sita."

Baba yake nyanya alidhani kwamba mtu yule amerukwa na akili. Jembe alilipokea, lakini kuku alimkataa katakata, maana alichelea uchawi. Kumbe hapakuwa na wazimu wala uchawi. Mtu yule alikuwa mmoja wa wale walioitwa kwa Kikikuyu ahonoki, yaani waliookoka, nasi tutawaita kwa jina walilolipenda wao wenyewe: ndugu.

Habari za ndugu hawa zafaa kusomwa hata na asiye wa dini yao. Wakristo wengi huisoma Biblia kama mtu asomaye habari za nchi ya mbali. Hawa waliisoma kama barua iliyoandikwa jana na kuletwa mlangoni, yenye agizo la kutimizwa kabla jua halijatua.

Mwanzo wa mambo haya ulikuwa mbali na Murang'a, huko Gahini, mashariki ya nchi ya Rwanda, ambako wamisionari wa Kianglikana walikuwa na hospitali. Mwaka wa 1928 alifika hapo tabibu kijana wa Kiingereza, Dakta Joe Church, akaikuta nchi imeshikwa na njaa kali ambayo Wanyarwanda huiita Rwakayihura. Alifanya kazi hata akachoka mwili na roho. Mwezi wa Septemba 1929 alikwenda Kampala kupumzika, na huko, juu ya kilima cha Namirembe, akakutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya afya. Kila mmoja alikiri mbele ya mwenziwe kwamba Ukristo wake umekauka. Basi wakaketi pamoja siku mbili na Biblia zao, wakifuata fundisho la Roho Mtakatifu kutoka kitabu hata kitabu. Hapakuwa na mkutano mkubwa wala mhubiri mashuhuri. Ukumbuke pia, msomaji, kwamba katika siku zile Mzungu na Mwafrika kuketi pamoja na kuambiana udhaifu wao lilikuwa jambo geni sana. Baada ya hayo Nsibambi aliacha kazi yake ya mshahara, akaenda kuhubiri. Ndugu yake mdogo, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kuwa mwalimu.

Usidhani kwamba Gahini iligeuka mara moja kuwa mahali pa amani. Watumishi wa hospitali walikuwa wakigombana, na mkubwa wao, Yosiya Kinuka, mtu wa Ankole, hakuweza kumvumilia Blasio na mahubiri yake. Mwishowe Kinuka alisafiri mpaka Namirembe kumwona Nsibambi, akamweleza jinsi mambo ya hospitali yalivyoharibika. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamwambia kwamba chanzo cha shida kimo moyoni mwake yeye Kinuka. Mtu aliyekwenda kushtaki wengine alirudi ameshtakiwa na dhamiri yake. Akiwa njiani kurudi alijitoa kwa Mungu, na alipofika aliungama makosa yake, akapatana na Blasio. Wawili hao walikuwa baadaye kama mtu na ndugu yake, na Kinuka mwenyewe akawa kasisi. Blasio hakuishi siku nyingi; alifariki kwa homa mwezi wa Januari 1936, alipokuwa amekwenda Uganda kuliambia Kanisa kwamba limelala na ya kuwa imempasa kila mtu kuamka.

Sasa, desturi za ndugu hawa zilitoka wapi? Zilitoka katika kurasa ambazo kila Mkristo anazijua na wachache huzitenda. Walisoma habari za Zakayo mtoza ushuru, aliyeahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu, wakauliza: Je, mimi nimemdhulumu nani? Walisoma kwamba torati ya Musa ilimwamuru mkosaji arudishe kitu chenyewe na kuongeza juu yake sehemu ya tano. Hapo ndipo alipotoka kuku wa Murang'a. Walisoma katika mahubiri ya mlimani kwamba mtu aliye na ugomvi na mwenzake aiache sadaka yake mbele ya madhabahu aende kwanza kupatana, wakaona kwamba maneno hayo hayahitaji tafsiri ya mwanachuoni, yahitaji miguu tu. Na katika waraka wa kwanza wa Yohana walipata neno walilolipenda kuliko yote, yaani kutembea nuruni: mtu asiwe na chumba kilichofungwa moyoni mwake.

Kwa hiyo dresa wa hospitali alirudisha bendeji na dawa. Karani alirudisha fedha ofisini. Aliyekwepa kodi alikwenda kuilipa, na mkusanyaji kodi hakujua aiandike wapi katika daftari lake. Waume waliwaungamia wake zao mambo ambayo wake walikuwa wakiyajua siku nyingi. Hata baadhi ya wamisionari waliwaomba radhi Waafrika kwa sababu ya kiburi cha rangi, na jambo hili, nadhani, lilikuwa gumu kuliko kurudisha bendeji.

Sitaki uwaone kuwa malaika. Walikuwamo waliojivuna kwa unyenyekevu wao. Walikuwamo waliowaita viongozi wa Kanisa wafu mbele za watu, na wengine waliona tamu kuungama dhambi za jirani kuliko zao. Mwaka wa 1941, katika chuo cha makasisi cha Mukono nchini Uganda, wanafunzi 26, William Nagenda miongoni mwao, walifukuzwa kwa sababu hawakukubali kuacha kuamka usiku wa manane ili kusali na kuwahubiria wenzao, ambao waliwashutumu kwa wizi na uasherati. Mimi ni mwalimu wa chuo cha ualimu, na naweza kumhurumia mkuu wa chuo aliyeamshwa saa kumi za usiku siku baada ya siku. Lakini ndugu wenye busara walikuwa na kanuni moja, nayo ilikuwa hii: ungama zako, za mwenzio mwachie mwenyewe. Tafadhali uishike kanuni hiyo, maana tutaihitaji mbele.

Mwaka wa 1937 kikundi cha ndugu kutoka Rwanda na Uganda kilifika Kenya, wakahubiri Kabete. Kutoka hapo moto ulienea polepole katika nchi ya Wakikuyu, kisha Nyanza, na ng'ambo ya mipaka mpaka Tanganyika. Kasisi Obadiah Kariuki, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza wa Kenya kufanywa maaskofu wa Kianglikana, mwaka wa 1955, alikuwa mmoja wa ndugu.

Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza Hali ya Hatari. Lazima nikuambie wazi kwamba waliokwenda msituni walikuwa na haki ya kudai. Ardhi yao ilikuwa imetwaliwa, na watu walikuwa wakiishi kama wapangaji katika nchi ya babu zao. Wengi waliokula kiapo cha umoja walikuwa wamebatizwa, nao pia waliijua Biblia. Habari za wana wa Israeli kutoka utumwani hazikuwa za upande mmoja. Baba yake nyanya, ambaye alikuwa amerudishiwa jembe, alikula kiapo.

Ndugu walikataa. Walisema kwamba katika meza ya Bwana wamekwisha kushiriki damu ya Kristo, na mtu aliyeshiriki hiyo hawezi kuapa kwa damu ya mnyama. Kwa neno hilo wengine walipigwa, wengine waliuawa. Serikali ilifurahi ilipowasikia, ikadhani imepata askari. Ikataka kuwapa bunduki wawe homugadi. Wengi wao walikataa hizo pia, kwa sababu Bwana wao aliagiza kumpenda adui, na adui huyo alikuwa mwana wa shangazi au jirani wa kisima kimoja. Basi wakashukiwa na pande zote mbili. Msituni waliitwa vibaraka, na askari waliwaona kuwa Mau Mau waliojificha nyuma ya Biblia.

Nimefikiri mara nyingi juu ya jambo hili: mkulima asiye na elimu kubwa alipata wapi nguvu za kusema hapana mara mbili, usiku kwa watu wenye panga na mchana kwa watu wenye bunduki? Sidhani kwamba nguvu hizo zilishuka ghafula mwaka wa 1952. Mtu aliyekwisha kuvuka mto na jembe la wizi begani, mchana, majirani wakimtazama na kumcheka, alikuwa amekwisha kujizoeza kuaibika. Hofu kubwa ilipokuja ilimkuta amefanya mazoezi kwa hofu ndogo.

Walakini historia haituruhusu kuimba sifa tu. Mwaka wa 1994, katika nchi ile ile ya Rwanda ambako Uamsho ulizaliwa, Watutsi waliuawa kwa mamia ya maelfu, na wengi waliuawa ndani ya makanisa walimokimbilia. Miongoni mwa wauaji walikuwamo watu waliobatizwa na kuimba kwaya. Wataalamu wangali wakibishana kwa nini imani iliyowapatanisha watu wa Gahini katika miaka ya 1930 haikuizuia mikono ya 1994. Wengine husema kwamba Kanisa lilikuwa limekaa karibu mno na watawala. Wengine husema kwamba kuungama kulikuwa kumegeuka desturi, watu wakiungama wivu na hasira ndogo ndogo, wakiacha bila kuguswa chuki ya kabila iliyokuwa ikifundishwa shuleni na redioni. Mimi naona kwamba wote wawili wana neno. Chumba kilichofungwa hakikuwa cha mtu mmoja, bali cha nchi nzima.

Nyanya yangu hakusoma vitabu vya wataalamu, lakini alinimalizia habari za mtu wa ng'ambo ya mto. Mwaka wa 1953 watu walimjia usiku wakimtaka ale kiapo. Alikataa, wakampiga, wakaichoma nyumba yake. Baada ya majuma machache ofisa wa serikali alimwita, akamwambia: wewe ni mtu wa kusema kweli, kila mtu hapa anajua, basi tuambie ni nani katika kilima hiki waliokula kiapo. Alijua. Alimjua na baba yake nyanya. Akajibu, "Bwana, mimi huungama dhambi zangu. Za wengine sikupewa." Akapigwa tena, safari hii na wale waliodai kumlinda, akawekwa kizuizini miezi mingi.

Baba yake nyanya hakuzijua habari hizo wakati ule. Alizisikia baada ya Hali ya Hatari kwisha, mwaka wa 1960, watu walipokuwa wamekwisha kutoka katika vijiji vya lazima na kurudi kwenye mashamba yao, kutoka kwa mtu aliyekuwa mkalimani wa ofisa yule. Hakusema kitu. Siku ya pili yake asubuhi aliingia bandani, akachagua kuku aliyenona, akamfunga miguu, akamwita nyanya yangu amfuate. Wakateremka mpaka mtoni, wakavuka.