Keystone Cops

Keystone Cops ni kundi la askari polisi wa kubuni katika filamu bubu za vichekesho zilizotengenezwa na kampuni ya Keystone mjini Los Angeles, Marekani, kuanzia mwaka 1912. Huvaa makoti marefu yenye vifungo vya shaba na kofia ndefu za mviringo, na mikononi wana virungu. Simu ya wizi ikilia kituoni, hutoka mbio wakipigana vikumbo mlangoni, hurundikana ndani ya karandinga, humwagika njiani kila gari likikata kona, na mara nyingi hufika kwa mwizi wakiwa hoi kuliko yeye. Wengi wa waigizaji hawakutajwa majina kwenye filamu. Kichekesho kilikuwa cha kundi zima, na hapo ndipo ilipokuwa nguvu yake.

Chanzo

Mwanzilishi wa Keystone, Mack Sennett, alizaliwa Quebec, Kanada, mwaka 1880 kwa jina la Michael Sinnott. Mwaka 1908 alijiunga na kampuni ya Biograph ya New York, akajifunza kazi chini ya D. W. Griffith. Mwaka 1912 alipata mtaji wa Adam Kessel na Charles O. Baumann, wamiliki wa New York Motion Picture Company, na filamu za kwanza za Keystone zikatoka Septemba mwaka huohuo. Studio ilikuwa Edendale, kitongoji kilichokuwa na vilima, barabara za vumbi na nafasi tele ya kukimbizana.

Polisi wa kuchekesha walikuwepo kabla yake. Pathé ya Ufaransa ilikuwa imetoa filamu nyingi za kufukuzana, na katika mojawapo ya mwaka 1907, iliyoongozwa na Ferdinand Zecca, askari wa Paris wanamkimbiza mbwa aliyeiba nyama, kisha mbwa anageuka na kuwakimbiza wao. Sennett mwenyewe alikiri waziwazi kwamba alichota kwa Wafaransa. Alichoongeza ni mwendo mkali zaidi na wingi wa watu wanaoanguka kwa pamoja.

Filamu inayotajwa mara nyingi kuwa ya kwanza kwa kundi hili ni Hoffmeyer's Legacy ya Desemba 1912.

Bangville Police (1913)

Filamu iliyolitambulisha kundi ni Bangville Police, iliyotoka Aprili 1913 chini ya mwongozaji Henry Lehrman. Ni fupi mno, haifiki dakika kumi. Mabel Normand anaigiza binti wa mkulima anayetamani kupata ndama. Anawaona wanaume zizini, anaamini ni wezi, anakimbilia ndani na kumpigia simu mkuu wa polisi, anayeigizwa na Fred Mace. Kisha anasukuma samani mlangoni ili asiingiliwe. Wazazi wake wanaporudi na kujaribu kuingia, anadhani wezi wamefika. Nao wazazi, kwa kuona mlango umezuiwa, wanadhani wezi wamo ndani.

Wakati huo polisi wanahangaika njiani. Gari lao chakavu linatoa moshi na kuripuka, na wengine wanakuja kwa miguu wakikatiza mashambani. Walipofika, ikawa hakuna mwizi hata mmoja. Zizini amezaliwa ndama.

Hawa bado ni mgambo wa kijijini, wala sare maarufu hazijaonekana. Hata hivyo mpangilio mzima umekwisha kukamilika: hofu inayozaa hofu, simu, na msaada unaoongeza vurugu. Uigizaji wa Normand ni wa hali ya juu. Hofu yake ni ya kweli kabisa, hakonyezi hadhira, na kwa sababu hiyo upuuzi wa askari unachekesha maradufu. Waandishi wengi humtaja Sennett peke yake wanapozungumzia mafanikio ya Keystone. Normand, ambaye kufikia 1914 alikuwa akiongoza filamu mwenyewe, anastahili kutajwa pamoja naye.

Waigizaji

Orodha ya askari wa mwanzo kwa kawaida huwa na watu saba: Charles Avery, Bobby Dunn, George Jeske, Edgar Kennedy, Hank Mann, Mack Riley na Slim Summerville. Baadaye mtu yeyote studioni angeweza kuvishwa sare, na Roscoe Arbuckle na Al St. John waliivaa pia. Mkuu wao aliyejulikana zaidi alikuwa Ford Sterling katika nafasi ya Chief Teheezel, mwenye ndevu za kidevuni, hasira za ghafla na mikono isiyotulia.

Kati ya hao, Summerville alionekana katika All Quiet on the Western Front (1930), na Mann akawa bondia anayepambana na mchekeshaji Charles Chaplin katika City Lights (1931).

Upigaji picha

Kamera za wakati ule zilizungushwa kwa mkono. Mpigapicha alipopunguza mwendo wa mkono, kamera ilinasa picha chache kwa kila sekunde. Filamu ilipooneshwa kwa mwendo wa kawaida, watu na magari vilionekana vikienda kwa kasi isiyo ya kibinadamu. Maporomoko, hata hivyo, yalikuwa ya kweli, na waigizaji waliumia. Barabara ilimwagiwa maji ya sabuni ili gari liteleze na kuzunguka. Usukani wa karandinga ulikuwa mikononi mwa Del Lord, dereva hodari aliyekuja kuongoza filamu za Three Stooges.

Sennett alitumia pia matukio ya mji yasiyomgharimu kitu. Ziwa la Echo Park lilipokaushwa mwaka 1913, alipeleka watu wake wakapiga A Muddy Romance, ambamo askari wanahangaika kuokoa watu waliokwama kwenye tope. Hakuna jukwaa la studio lingeweza kutoa tope la namna ile.

Kufifia

Sterling aliondoka mwanzoni mwa 1914, ingawa alirudi baadaye. Nafasi ilikuwa tayari kwa Charles Chaplin, aliyeajiriwa mwishoni mwa 1913. Chaplin alitaka mwendo wa taratibu unaompa mtazamaji nafasi ya kumsoma mtu mmoja, na hadhira ikamfuata. Katika Tillie's Punctured Romance (1914) polisi wamebaki kuwa kikolezo cha mwisho: wanaitwa hadi gatini na kuishia baharini. Mwaka 1915 Keystone iliingizwa katika kampuni ya Triangle. Mwaka 1917 Sennett aliondoka na kuliacha jina la Keystone nyuma.

Mchekeshaji Buster Keaton aliigeuza fomula ya polisi wa Keystone katika Cops (1922), ambamo jeshi zima la polisi wa jiji linamkimbiza kijana mmoja.

Baadaye

Sennett alipewa tuzo maalumu ya Oscar mwaka 1938 na alifariki mwaka 1960. Alionekana kwa kitambo katika Abbott and Costello Meet the Keystone Kops (1955). Huko Marekani na Uingereza jina la kundi hutumika kueleza kikosi chochote kinachofanya kazi ovyo, hasa mabeki wa mpira. Jengo moja la studio ya Edendale lingalipo na limetambuliwa na jiji la Los Angeles kuwa la kihistoria.

Filamu nyingi za enzi ya filamu bubu zimepotea. Mwaka 2010 ilitangazwa kuwa nakala ya A Thief Catcher (1914) imepatikana katika mauzo ya vitu vya kale huko Michigan. Ndani yake Chaplin anaonekana kwa muda mfupi akiwa amevaa sare ya polisi, jambo alilowahi kulisema mwenyewe bila kuwepo filamu ya kulithibitisha.